Mlima Upi?

Jioni moja nyumbani Jego, redio ilikuwa ikieleza kwamba Mlima umeamua. Mlima ulikuwa umeketi, ukashauriana, ukagawanyika kidogo, na sasa taifa zima lilikuwa likingoja Mlima useme utamuunga mkono nani. Bibi alikuwa anachambua mchicha. Akainua kichwa akauliza, "Mlima upi?" Nikaanza kumweleza: bibi, Mlima ni watu wa kule Mlima Kenya, kura zao ni nyingi, wakisema... Akanikatiza. "Hao ni watu. Mimi nimeuliza mlima."

Swali lake nimekaa nalo muda mrefu, na nadhani ni swali la fasihi kuliko la siasa. Kwa sababu mwandishi wa habari anayesema "Mlima" bila kutaja jina hajakosea Kiswahili. Amefanya tu kile ambacho vitabu vyetu vimekifanya kwa karibu miaka mia: amechukua milima yote ya nchi hii akabakisha mmoja.

Hebu tazama kabati la vitabu. Facing Mount Kenya ya Jomo Kenyatta, 1938, inaanza kazi yake kwenye jalada: ukishika kitabu tu, umeshaambiwa uelekee wapi. Kwa Mgĩkũyũ anayeomba huku ameelekea Kirinyaga hilo ni sawa kabisa, na kitabu hakidai zaidi ya hapo. Sisi wengine ndio tuliolikuza jalada likawa ramani ya Kenya. Miaka 2 kabla yake, Ernest Hemingway alitoa The Snows of Kilimanjaro. Anatupa urefu wa mlima kwa futi, mzoga wa chui ulioganda kule juu, halafu mlima unawekwa kando mpaka mwisho, wakati mwandishi Mzungu aliyeoza mguu uwandani anahitaji mahali pa kufia. Wachaga wanaoishi kwenye mlima wenyewe, na migomba yao na mifereji yao ya maji, hawamo. Ni hadithi iliyoandikwa vizuri sana na mlima wake ni shuka nyeupe.

Ninayempenda ni Mwitaliano, Felice Benuzzi, mfungwa wa vita kwenye kambi ya Nanyuki. Januari 1943 alitoroka na wenzake wawili, wakaupanda Mlima Kenya kwa vifaa vya kuungaunga, kisha, na hapa ndipo aliponinasa, wakarudi wenyewe kambini. Mlima kwake ulikuwa dawa ya kuchoshwa na waya wa seng'enge. Hajifanyi kwamba una maana nyingine. Lakini hata yeye anatazama juu, kwenye weupe. Ukisoma vitabu hivi kwa pamoja unaelewa sharti ambalo halijaandikwa popote: mlima usio na theluji hauna kitabu.

Sasa njoo Jego. Uko Kwale, kusini kabisa, unatoka Lunga Lunga unashuka kuelekea Vanga, mikoko mbele yako na Tanzania mkono wa kulia. Hakuna theluji hapa, hata kwenye friji, umeme ukikatika. Lakini kuna maandishi mafupi kuhusu mlima ambayo yanaanzia hapa hapa, na wachache sana kati yetu wameyasoma kama maandishi. Ni mapatano ya mwaka 1886 kati ya Uingereza na Ujerumani. Mstari wa mpaka unaanza kwenye mdomo wa mto wetu, Umba, unakwenda moja kwa moja hadi Ziwa Jipe, halafu unapinda kuuzunguka Kilimanjaro upande wa kaskazini kabla ya kunyooka tena mpaka Ziwa Victoria. Utasikia watu wakisema malkia alimpa mjukuu wake mlima kama zawadi ya siku ya kuzaliwa. Si kweli, lakini naelewa kwa nini hadithi hiyo haifi: inampa mlima uzito wa kutosha kuupinda mpaka. Kinachonikera ni kwamba hadithi yote inasimuliwa kutokea kwenye kona, pale Kilimanjaro. Hakuna anayeisimulia kutokea mwanzo wa mstari, ambapo hapakuwa na mlima wa kukwepa na kwa hivyo rula ilipita tu. Shangazi za bibi walibaki upande mmoja, mashamba ya nazi upande wa pili. Mstari ukinyooka namna ile, ujue aliyeuchora hakuona chochote mbele yake.

Na alichokosa kuona kilikuwepo. Asubuhi ya baada ya mvua, hewa ikiwa imeoshwa, ukisimama mahali palipo wazi ukatazama magharibi-kusini, ng'ambo ya mpaka, kuna kitu cha samawati ambacho mgeni hudhani ni wingu. Ni Usambara.

Hapa ndipo ninapotaka kugombana na wenzangu tunaoandika kwenye majarida kama haya. Tunalalamika kwamba Kiswahili ni lugha ya bahari, kwamba washairi wetu wamejaa tanga na demani na hawana mwinuko. Wakati huo huo kuna kitabu kizima cha mlima, kwa Kiswahili, kilichoandikwa na mtu wa pwani, na hatukisomi. Habari za Wakilindi, cha Abdallah bin Hemedi 'lAjjemy. Kilichapwa kwanza na wamisionari wa Magila, chini ya milima yenyewe, kisha kikatolewa tena Nairobi mwaka 1962. Mwandishi alikuwa karani aliyewatumikia watawala wa Usambara, akiijua familia yao kwa ndani, na alichoandika ni historia, umbea wa ikulu na hadithi ya kale, vyote katika sufuria moja.

Kinaanza na Mbegha, mwindaji kutoka Nguu, aliyetajwa kuwa kigego kwa jinsi meno yake yalivyoota, kwa hiyo ndugu zake wakamnyima urithi. Anatembea na mbwa wake, anaua nguruwe, anafika kwenye milima ya Wasambaa. Na je, anauonaje mlima? Hauoni. Hapo ndipo uzuri wa kitabu ulipo. Hakuna ukurasa ambapo Mbegha anasimama, anashika kiuno, anastaajabia kilele. Anachokiona ni moshi, na moshi maana yake ni watu. Watu wana vyakula vya shambani, hawana nyama. Yeye ana nyama, hana cha kulia nayo. Wanabadilishana. Kutoka kwenye mabadilishano hayo ya chakula unazaliwa ufalme wenye makao yake Vuga. Sijui mlima mwingine katika fasihi yetu unaoingiwa kupitia mdomoni namna hii. Ukikisoma una njaa, utateseka.

Halafu kitabu kinafanya jambo la pili, zito zaidi. Vizazi vinapita, ufalme unapanuka mpaka huku chini pwani, na Kimweri anazeeka akiwa juu Vuga. Mwanawe Semboja haishi juu. Yuko Mazinde, uwandani, kwenye njia ya misafara ya Pangani, palipo na bunduki na wanunuzi wa watumwa. Kimweri anapokufa, wa chini anawashinda wa juu. Mlima uliokuwa kimbilio unageuka kuwa ghala la watu wa kukamatwa na kuuzwa. Mwandishi haelezi hili kama nadharia. Anasimulia vita, hasira, ndoa na usaliti, na wewe unashuka pole pole bila kujua kwamba unashuka, mpaka unajikuta uwandani, kwenye vumbi, na ule mlima umekuwa kitu cha nyuma yako.

Kitabu kina kasoro, na si ndogo. Abdallah anawapenda wakubwa wake. Wabondei wakiasi, anawatazama kwa macho ya ikulu. Wanaouzwa hawapewi nafasi ya kutosha ya kusema. Wanawake wengi wanapita kama mahari. Msomaji wa leo lazima asome na kalamu mkononi. Ila nampa karani mwenye upendeleo anayejua bei ya nguruwe, mnipe huyo, mbele ya bingwa anayejua urefu wa kilele kwa futi.

Kuna methali ambayo sote tumeiandika kwenye insha za shule: milima haikutani, lakini binadamu hukutana. Niliiamini mpaka nilipokua nikaelewa mto Umba. Umba unaanzia huko Usambara, unateremka, unavuka mpaka bila pasipoti, unapita Lunga Lunga na kumwagika baharini Vanga. Mvua ikinyesha sana milimani, huku kwetu jua linawaka, nguo zimeanikwa, watoto wanacheza. Siku moja au mbili baadaye maji yanaingia jikoni. Yana rangi ya udongo ambao si wetu. Yanaleta magogo, migomba, safari nyingine mbuzi. Watu wa Jego na Vanga wanahama na magodoro kichwani, na habari za saa moja zinasema "mafuriko Pwani", kana kwamba maji yametoka baharini. Mlima umeshuka kukutana nasi, na methali haina habari.

Kwa hiyo bibi alipouliza mlima upi, alikuwa na wake tayari. Uko nchi nyingine, haupigi kura, na akiuangalia anaangalia kama mtu anavyomwangalia jirani anayekunywa.

Ningependa kuishia hapo, lakini itakuwa hila, kwa sababu tuna kilima chetu pia, upande huu wa mpaka, na chenyewe kimeandikwa sana. Mrima. Masikio yangu husikia "mlima" ndani ya jina hilo, na ramani za Kiingereza zikiandika Mrima Hill nacheka peke yangu. Kina mita zipatazo 300 juu ya usawa wa bahari. Ni mabaki ya volkano ya kale, kina msitu juu, ni kaya ya Wadigo, na chini yake kuna niobiamu na madini mengine adimu yanayotakiwa na viwanda vya dunia. Machi 2013, siku chache baada ya uchaguzi mkuu, kampuni ya Cortec Mining Kenya ilipewa leseni ya kukichimba. Mwaka huo huo ikatangaza kwamba madini yale yana thamani ya dola bilioni 62.4, na Agosti waziri Najib Balala akaifuta leseni. Kesi ikaenda kwenye jopo la usuluhishi la ICSID. Oktoba 2018 jopo likaamua kwamba leseni haikuwa halali tangu mwanzo, kwa kuwa sheria za kulinda mazingira hazikufuatwa, na jaribio la kuubatilisha uamuzi huo likakwama 2021.

Uamuzi ule ndio nathari ndefu zaidi kuhusu kilima chetu ninayoijua. Nimeusoma kama ninavyosoma riwaya. Una njama, una tarehe, una wahusika wanaojipinga wenyewe mbele ya wakili. Wazee wa kaya hawapati sura yao. Msitu umo, lakini umo kama orodha ya vibali ambavyo vilipaswa kuombwa. Na bado, nakiri, ile orodha kavu ya vibali ndiyo iliyokiokoa kilima, si shairi lolote lililoandikwa na mtu wa rika langu. Hilo linanichoma kidogo.

Sisi tulipojaribu kukiandika tulikimbilia neno moja: takatifu. Mlima mtakatifu, msitu mtakatifu, basi. Neno lenyewe ni la kweli, lakini likirudiwa hivyo linafunga mlango, halimwambii msomaji ni nani anaingia, kwa njia ipi, anavua nini, anaogopa nini, anakata mti gani na haukati upi. Binamu yangu anaishi karibu na kule, hana kazi, na anataka kichimbwe, kesho ikiwezekana. Ameona mchanga wa titani ukichimbwa jirani zaidi ya miaka 10 mpaka machimbo yakafungwa Desemba 2024, anajua waliopata kazi na waliohamishwa, na bado anataka. Nikamwambia ni kaya. Akasema, "Najua ni kaya, mimi ndiye niliyezaliwa pale, wewe uko Mombasa na laptopu." Sijaona insha yetu hata moja inayoweza kukaa chumba kimoja na sentensi hiyo. Karani Abdallah angeiweka, angalau ili amtukane aliyeisema.

Na wanaokitaka hawajaacha; wageni kutoka Marekani, China na Australia wameendelea kukiulizia kilima. Kitaandikwa tena, hilo halina shaka, na kwa lugha za watu wengine kwanza.

Msimu uliopita nilikuwa nyumbani tena. Simu ya bibi ililia usiku. Ni mtoto wa shangazi yake, upande wa Tanzania, na walisalimiana kirefu, marahaba, watoto, magoti, bei ya unga. Halafu akasikiliza muda bila kusema kitu. Alipokata simu hakunieleza. Nje kulikuwa na nyota. Akaingia chumbani, akatoa gunia la mahindi, akaniambia nimshikie upande mmoja tulipandishe juu ya meza.