Dai la "Baruti ni Yetu" Mbele ya Vitabu

Limezoeleka katika mawaidha yetu, na limeshaingia katika vijitabu vinavyouzwa nje ya misikiti baada ya Ijumaa, dai kwamba baruti ni ugunduzi wa Waislamu na Wazungu wakatunyang'anya. Shahidi anayetajwa ni Hasan al-Rammah wa Sham, aliyefariki katika miaka ya 1290. Wanaomtaja ni wengi, waliokifungua kitabu chake ni wachache.

Kitabu hicho, al-Furusiyya wal-Manasib al-Harbiyya, kina fadhila zake. Kimeeleza namna ya kusafisha shura, na kimeorodhesha zaidi ya michanganyiko mia moja ya shura, kibiriti na makaa. Hiyo ni elimu ya kweli na haina haja ya kutiwa chumvi. Lakini humo humo mwandishi anataja mshale wa Khitai, na Khitai ni China. Kabla yake Ibn al-Baytar, tabibu wa Malaga aliyefia Damascus mwaka 1248, aliandika kwamba kitu ambacho watu wa Maghrib hukiita "barud", matabibu wa Misri hukiita "thalj as-Sin", yaani theluji ya China. Wachina wenyewe walikwisha kuandika vipimo vya baruti mwaka 1044. Basi anayesema Waislamu waliisafisha shura na kuiendeleza kazi, amesema kweli. Anayesema waliigundua baruti, amekadhibishwa na vitabu vyake mwenyewe.

Kasoro ya pili ni nzito zaidi, nasi wa Songea ndio tunaopaswa kuiona mwanzo. Neno baruti limetufikia kutoka Kiarabu, na magobori yalifika bara kwa njia za biashara za pwani, Kilwa ikiwa mojawapo. Mwaka 1905 gobori lilikuwa la risasi moja, kisha ushindilie upya. Mjerumani alikuwa na bunduki ya Maxim, iliyobuniwa na Hiram Maxim mwaka 1884, yenye kurusha takriban risasi 500 kwa dakika. Agosti 30, 1905 ilifyeka watu mbele ya boma la Mahenge. Oktoba 21 jeshi la Kapteni Nigmann likawavamia Wangoni kambini Namabengo, wakatawanyika, na imani ya maji ikavunjika pale. Februari 27, 1906 hapa mjini walinyongwa 67, kwa hesabu inayotajwa katika Makumbusho ya Maji Maji.

Sasa msomaji ajiulize, nani alishika bunduki upande wa Mjerumani? Askari wengi walikuwa Waislamu. Wasudani walianza kuandikwa na Wissmann mwaka 1889, na watu wa pwani wakajiunga. Baruti ilikuwa mikononi mwa Waislamu kweli. Je, mwenye kijitabu atajifaharisha kwa hilo nalo?

Fiqhi haiulizi silaha imetengenezwa na nani. Huuliza imempiga nani. Wenzetu waliosoma Minhaj ya Imam Nawawi wanajua kwamba manjaniki na moto vimeruhusiwa katika kuhusuru ngome, na pia kwamba ni haramu kuwakusudia wanawake na watoto wasiopigana. Ramadhani ya vita vya Maji Maji ilifuatiwa na njaa: vihenge vilichomwa, mashamba yakaharibiwa. Waliokufa hukisiwa kati ya 75,000 na 300,000, na wengi wao waliuawa na njaa, si risasi. Wasia wa Abu Bakr (R.A.) kwa Yazid bin Abi Sufyan, uliomo katika Muwatta, unakataza kukata miti yenye matunda na kuchinja wanyama ila kwa kula. Najua Imam Shafi karuhusu kukata miti kwa haja, kwa hoja ya mitende ya Bani Nadhir. Lakini mnyama, kwa kuwa ana roho, hakuruhusu auawe ovyo.

Mlango huo haumo katika vijitabu vyetu. Kikichapwa kingine, kiutie, na jina la theluji ya China litiwe pamoja nao.