Kiti Kinachotazama Mto

Mama yule hakuinua macho nilipoketi. Alikuwa ameshika jani, na jani lilimhitaji kuliko nilivyomhitaji mimi. Alilipitisha juu ya makaa yenye moto mara mbili, upande huu kisha upande ule, mpaka likalegea kama kitambaa kilicholowa. Akachukua kisu kidogo, akaukwangua mshipa mgumu wa katikati, akalilaza juu ya mengine matatu, shina la hili kwenye ncha ya lile. Ndipo akaingia samaki: kipande kinene cha kapiteni, chumvi, kitunguu, nyanya, mawese kijiko kimoja na pilipili nzima isiyopasuliwa. Akazikusanya ncha za majani, akazizungusha mara moja, akafunga kwa uzi wa mmea. Kifurushi kikasimama chenyewe juu ya moto, kishungi juu, kama mzee mfupi aliyevaa kilemba.

Nilikuwa Kisangani, ukingoni mwa mto, upande wa maporomoko ya Wagenia, na nilikuwa na njaa. Nikamuuliza kama bado sana.

“Papa, uko na haraka ya kwenda wapi? Mto iko hapa, samaki iko hapa.” Akainamisha sikio karibu na majani. “Sikiliza. Sasa iko inalia. Ikinyamaza, imeiva.”

Nikasikiliza. Kweli ilikuwa inalia: sauti nyembamba ya maji ya samaki yakichemka ndani ya giza la majani. Mama huyu hana saa mkononi wala kipimo cha joto. Ana sikio, na sikio hilo limefundishwa na miaka mingi ya kukaa chini karibu na moto.

Usiku uliotangulia nililala kwenye nyumba ya wageni mpya yenye vyumba safi na feni isiyopiga kelele. Nilipoagiza samaki niliahidiwa samaki, na samaki akaja. Alikuwa mpiodi, yule wa barafu, aliyevuliwa bahari ya mbali na kusafirishwa ndani ya boksi hadi kwenye mji ambao hata jina lake ni la maji: kisangani, mahali penye kisanga, kisiwani. Nilikula, kwani chakula hakitukanwi. Lakini viti vyote vya ukumbini vilikuwa vimeelekezwa kwenye televisheni, na nyuma ya ukuta, hatua mia moja hivi, Mto Kongo ulikuwa unapita gizani bila kuangaliwa na mtu.

Hapo nilimkumbuka babu.

Babu alikuwa msaidizi wa jikoni katika hoteli moja ya kandokando ya mto, enzi za Wabelgiji, mji ulipokuwa ukiitwa Stanleyville. Alipostaafu alirudi nyumbani na vitu viwili: aproni nyeupe iliyofuliwa mpaka ikawa nyepesi kama utando, na sheria moja. Mgeni akifika, kabla ya kuulizwa habari, kabla ya maji ya kunywa, apewe kiti kinachotazama mto. Nyumba yetu ilikuwa na dirisha dogo na kiti kimoja tu chenye miguu yote minne mizima. Kiti hicho kilikaa dirishani, na sisi watoto tulikatazwa kukikalia. Nilipomuuliza sababu alinijibu kwamba mtu aliyesafiri bado anatembea ndani ya mwili wake hata akiwa ameketi. Mpe maji ayatazame, maji yatembee badala yake, ndipo atakapoweza kula.

Sijapata kusoma kitabu cha kazi ya hoteli kinachosema jambo hilo vizuri zaidi.

Sizipambi hoteli za zamani kwa sifa zisizo zao. Katika Stanleyville ya ukoloni, watu kama babu waliingia humo kupika, kufua na kubeba mizigo. Viti vya barazani walivipanga kwa ajili ya wengine. Mwaka 1951 waigizaji Katharine Hepburn na Humphrey Bogart walipita katika mji huu wakienda msituni, Biondo kwenye Mto Ruiki, ambako John Huston alikuwa akitengeneza filamu ya The African Queen. Majina yao watu wanayataja mpaka leo. Waliowapikia, waliowatandikia vitanda, waliowasogezea viti, hatuna hata jina moja. Hata hivyo ufundi ulikuwa wa hao wasiotajwa, nao waliurudisha nyumbani jioni, mikononi, mahali ambapo hakuna bwana awezaye kuupekua.

Kisha zikaja siku mbaya. Mwaka 1964 Hoteli Victoria ya mji huu iligeuka nyumba ya mateka chini ya waasi wa Simba, mpaka askari wa miavuli wa Ubelgiji waliposhuka asubuhi ya tarehe 24 Novemba, na siku hiyo ikawa na damu yake, ya wageni na ya wenyeji. Juni 2000 majeshi ya Rwanda na Uganda yalipigana siku sita katikati ya mji ambao haukuwa wa yeyote kati yao, makombora yakapasua mapaa ya watu wasiohusika. Mji uliopitia hayo unajifunza kufunga milango. Kumkaribisha mtu usiyemjua, kumketisha na kumpa kisogo ukipika, ni ujasiri.

Kwa hiyo nilipomtazama mama yule akinipa kisogo na kugeuza liboke yake, kile kifurushi cha majani, niliona kitu kikubwa kuliko chakula.

Samaki wake hakutoka kwenye barafu. Alitoka pale pale mbele yetu, ambapo wavuvi Wagenia wamesimamisha miti yao katika maji yanayonguruma. Wasomaji wengi wameiona picha ya miti hiyo: magogo marefu yaliyokita katika matundu ambayo mto wenyewe umeyachimba kwenye mwamba, yamefungwa kwa kamba za mwituni, na migono mikubwa kama vibanda imening’inizwa ikitazama mkondo. Mara mbili kwa siku wanaume huingia na mitumbwi kuivuta migono. Akiwamo samaki, mmoja hujitupa majini kumfuata. Mgono una matundu mapana. Mdogo anapita, anakwenda zake akue, mkubwa anabaki. Mto ukijaa unaivunja miti, nao wanaisimamisha tena. Ukuta huo wa miti unashinda kwa kuvunjika na kufungwa upya. Msafiri Stanley alipoteremka maporomoko haya saba Januari 1877, watu wa mto walikuwa tayari nyumbani hapa. Mfanyabiashara Tippu Tip alipofanywa gavana wa Stanley Falls mwaka 1887, Waswahili wake walikula mezani kwa mto huu huu, na lugha ninayoiandika hapa ilipata chumba chake cha kudumu Kisangani.

Fundo la mvuvi na fundo la mama huyu ni ndugu. Kule kamba ya mwituni inafunga gogo kwa gogo ili samaki apatikane. Huku uzi wa mmea unafunga jani kwa jani ili asipoteze maji yake. Likilegea moja, mgeni analala njaa.

Liboke ikanyamaza.

Mama akaiipua kwa vidole vitupu, akaiweka kwenye sahani mbele yangu, akanawa. Kando yake aliweka lituma, ndizi zilizochemshwa na kutwangwa mpaka zikashikana, zimeviringwa kwa kiganja kilicholowa, laini bila ufa. Nikanyoosha mkono kufungua. Akanizuia.

“Mgeni hafungui. Mimi ndio nafungua.”

Akafungua uzi polepole, akalaza majani moja moja pande nne kama mtu anayetandika kitanda, na mvuke ukapanda usoni pangu: mto, moshi, mawese, na ukali wa pilipili ambayo haikupasuka. Alingoja nivute pumzi ya kwanza, kisha akaondoka. Mvuke ule ulikuwa nusu ya chakula, na alihakikisha haupotei hewani bila mwenyewe.

Nilipomaliza nilimuuliza nani atashika kazi hii baada yake. Alionyesha kwa kidevu binti yake aliyekuwa akihesabu chenji. Binti anapika, alisema, ila kwa karatasi ya alumini. Ni haraka. Haihitaji mtu wa kwenda msituni kutafuta majani, haihitaji kuoshwa wala kukwanguliwa.

“Na inalia?” nikauliza.

Alifikiri. “Inalia. Lakini mtoto hasikie. Iko na redio.”

Hakusema kwa hasira. Mimi ndiye niliyekasirika, kisha nikaona haya, kwa sababu nami sijui kufunga liboke, na aproni ya babu iligeuzwa kitambaa cha kufutia taa nyumbani kwetu bila yeyote kuuliza. Kiti chake kilivunjika mguu mmoja na kikawa kuni. Tuliokatazwa kukikalia ndio tuliokichanja.

Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Mji huu umeumizwa vya kutosha kustahili kupona, na wageni watakuja tena, vyumba vinajengwa. Nashindwa tu kujua watakapofika nani atawasikilizia majani, na nani atakumbuka kugeuza kiti.

Jua lilikuwa linashuka. Wanaume wa Wagenia walikuwa wakiingia majini kwa mavuno ya jioni. Mama alikuja kuchukua sahani, akayakusanya majani yaliyoungua, akayatupa. Ule uzi aliuviringa kidoleni, akautia mfukoni.