Kumsoma Mbung'o

Kwamba ni mbung'o, hilo halina ubishi. Akitua hulaza bawa moja juu ya jingine, na mdomo wake mrefu huelekea mbele. Katikati ya bawa pana kijumba kilichozungushiwa mishipa, chenye umbo la shoka, ambacho nzi wengine hawana. Hadi hapo hata mgeni wa kazi hii anafika. Ugumu huanza unapotakiwa kusema ni mbung'o gani, maana jenasi ya Glossina ina spishi thelathini hivi, na zilizo za kundi moja hufanana mno.

Kule Serengeti, mtego mmoja wa kitambaa cha buluu na cheusi waweza kunasa G. pallidipes na G. swynnertoni pamoja. Wote ni wa kahawia, wote wana mistari tumboni. Siri iko miguuni. Tazama mguu wa mbele na wa kati: vipingili viwili vya mwisho vya unyayo wa swynnertoni vina weusi nchani, vya pallidipes vimepauka. Weusi wenyewe ni wa kutafutwa kwa lenzi, na taa ikikaa vibaya kivuli hujifanya rangi. Kwa hiyo fundi humgeuza nzi kwa kibano, akamtazama upya kutoka upande wa pili, kisha akaukagua na mguu mwingine.

Lakini wengi hawafiki mezani wakiwa wazima. Wamejipigapiga mtegoni, sisimizi wamewafikia, miguu imekatika. Hapo ndipo ninapoipenda zaidi kazi hii. Dume ana uvimbe wa mviringo chini ya ncha ya tumbo, ambamo viungo vyake vya uzazi vimekunjwa. Fundi huikata ncha ile, akailoweka katika potashi mpaka nyama ziyeyuke zibaki sehemu ngumu, kisha akaifunua kwa sindano chini ya hadubini. Tazama vishikio vya juu, ambavyo dume hukamatia jike. Katika kundi la fusca, wengi wao wa misituni, vimeachana kabisa. Katika kundi la palpalis, wa kando ya mito na maziwa, vimeungwa kwa utando mwembamba. Katika kundi la morsitans, wa mbuga na vichaka, vimeshikamana. Na ndani ya kila kundi, umbo la vishikio hivyo hutenga spishi na spishi. Miguu yote ikipotea, ushahidi huo bado upo.

Jina la spishi lina uzito. Unguja ilikuwa na spishi moja tu ya mbung'o, G. austeni. Madume waliokuzwa Tanga na kufanywa tasa kwa mionzi walimwagwa kutoka kwenye ndege kwa mamilioni kuanzia 1994, ili majike wa porini wakipandwa nao wasizae, na mbung'o wa mwisho wa porini akanaswa 1996. Madume wa spishi nyingine wangemwagwa bure.

Vipimo vya DNA vinasaidia, nami navikaribisha. Ila vinasaba hupata jina la spishi kwa kuwa kuna aliyemtazama nzi mwenyewe, unyayo na vishikio, akamtambua. Maabara zetu ziendelee kuwafundisha vijana kushika kibano, na zitunze visanduku vya nzi waliochomwa pini, kila mmoja na kikaratasi chake: mahali, tarehe, jinsi, jina la aliyemtambua. Na asiyebakiwa na alama ya kutosha aandikwe Glossina tu, nafasi ya spishi iachwe wazi.