Kuzuia Damu au Kubana Damu? Uhakiki wa Istilahi za Zoezi Moja la Tiba

Zoezi la viungo lililoanzia Japani na kuenea katika hospitali na vyumba vya mazoezi vya Ulaya na Marekani limeanza kuandikwa kwa Kiswahili, na tayari linaitwa kwa majina yasiyopungua manne. Hilo si ajabu, kwani kila jambo geni hupita katika msukosuko huo kabla halijatulia. Lakini majina haya hayatofautiani kwa ladha tu. Mojawapo, likifuatwa kama lilivyo na mgonjwa aliye peke yake nyumbani, laweza kumdhuru. Ndiyo maana yafaa kuyachambua mapema, kabla lile lililo baya halijazoeleka.

Kwanza tulieleze jambo lenyewe. Mgonjwa aliyepasuliwa goti, au mzee ambaye misuli ya mapaja yake imesinyaa, huhitaji kurudishiwa nguvu. Njia iliyozoeleka ni kuinua uzito mkubwa, aghalabu asilimia 70 hivi ya ule wa juu kabisa ambao mtu aweza kuuinua mara moja tu. Goti lenye mshono mbichi haliyastahimili hayo. Katika zoezi hili, mkanda unaojazwa hewa, wa jamii ya ule wa kupimia presha, hufungwa sehemu ya juu ya paja au ya mkono. Mgonjwa huinua uzito mdogo, kiasi cha asilimia 20 hadi 40, kwa awamu nne: mara 30, kisha 15, 15 na 15, akipumzika kwa muda mfupi baina ya awamu. Vena, ambazo kuta zake ni nyembamba na damu yake haina msukumo mkubwa, hubanwa hata damu ikashindwa kurejea sawasawa. Ateri huendelea kuleta damu, ila kwa uchache. Oksijeni hupungua katika msuli, mabaki ya kazi yake hukusanyika, na nyuzi ambazo kwa desturi haziamshwi ila na mzigo mzito hulazimika kuamka. Msuli hunenepa. Nguvu nayo huongezeka, ingawa kwa upande wa nguvu uzito mkubwa bado unashinda.

Naomba msomaji ayashike maneno “kwa uchache”. Damu ya ateri haikatizwi. Hupunguzwa tu, tena kwa kipimo.

Sasa tutazame kipeperushi kimoja cha wagonjwa, kilichofasiriwa kutoka Kiingereza, ambacho kilipita mikononi mwangu. Humo zoezi limeitwa “mazoezi ya kuzuia damu”, na mgonjwa anaambiwa afunge mkanda “ili kuzuia damu”. Mfasiri hakufanya uvivu. Alikuta katika Kiingereza neno ambalo katika kamusi nyingi hupewa “kizuizi” kuwa maana yake ya kwanza, naye akalifuata. Lakini neno lile la Kiingereza husema kuwekea jambo mpaka, ilhali “kuzuia” kwa Mswahili ni kufanya jambo lisiwe. Mwizi akizuiwa haingii. Maradhi yakizuiwa hayatokei. Zaidi ya hayo, “kuzuia damu” ni usemi uliokwisha kuwa na kazi yake: kila aliyejifunza huduma ya kwanza aujua kuwa ni kukaza kitambaa juu ya jeraha mpaka damu ikome. Mtu aliyefunzwa hivyo, akisoma kipeperushi kile, atatafuta ukanda wa mpira wa baiskeli aukaze mpaka mguu ugeuke rangi, na atadhani ametii. Kosa hapo litakuwa la neno, si lake.

Jina la pili ni “mazoezi ya kupunguza damu”. Hili limekaribia maana, lakini linagongana na “upungufu wa damu”, na ni mgonjwa gani atakayekubali kupunguziwa damu hospitalini? La tatu ni “mazoezi ya kubana mishipa”. Kitenzi ni kizuri, nomino ndiyo mbovu. Mshipa katika lugha yetu ni njia ya damu, ni neva, wengine huuita hivyo hata ukano, na tena “mshipa” ni ugonjwa ambao wanaume hawausemi mbele za watu. Neva ndicho kitu kimojawapo ambacho mtaalamu wa zoezi hili huogopa kukibana, kwa kuwa ganzi ni miongoni mwa madhara yake. Istilahi haiwezi kumwamuru mgonjwa afanye lile lile analopaswa kuliepuka.

Jina la nne limetoka mbali zaidi na lina hoja nzuri nyuma yake. Yoshiaki Sato, Mjapani aliyelianzisha zoezi hili, hueleza kwamba wazo lilimjia mwaka 1966 alipokaa kwa magoti muda mrefu katika ibada ya Kibudha, miguu ikafa ganzi na misuli ikajaa kana kwamba ametoka mazoezini. Baada ya miaka ya kujijaribia mwenyewe aliliita kaatsu: “ka” kwa maana ya kuongeza, na “atsu” kwa maana ya shinikizo. Wajapani, basi, wametaja kile kinachofanywa na mkanda. Waingereza wametaja kile kinachoipata damu. Kwa nini tusiwafuate wenye zoezi lao, tuseme “mazoezi ya shinikizo”? Ningekubali, lau neno hilo lisingekuwa tayari na mwenyewe. Likitajwa karibu na damu, shinikizo ni ugonjwa. “Mazoezi ya shinikizo la damu” yatavuta wale wale wenye presha, ambao yawapasa kumwona daktari kabla ya kufungwa mkanda wowote.

Pendekezo langu ni “mazoezi ya mbano wa kiasi”. Kitenzi “bana” kina sifa ambayo “zuia” haina: huacha nafasi. Nguo inayobana bado inavaliwa. Serikali inapotangaza kubana matumizi, mishahara hailipwi kidogo wala ofisi hazifungwi. Fedha hutoka, ila kwa hesabu, na watumishi wa umma wanaosoma ukurasa huu hawahitaji kufafanuliwa zaidi. Najua pingamizi litakalotolewa: mtu akibana mkojo, halitoki hata tone. Ni kweli, na ndiyo sababu sikuliacha neno “mbano” peke yake. “Wa kiasi” si pambo. Ni sehemu ya istilahi, na mfasiri asiikate kwa kutafuta ufupi. Waandishi wa Kiingereza wenyewe walikuwa na jina la zamani lenye maana ya kuziba, wengi wakaliacha kwa kuwa halikusema kweli. Hatuna haja ya kuanzia pale walipotoka.

Hapo twapata faida nyingine. Tukiihifadhi “ziba” kwa kufunga kabisa na “bana” kwa kufunga kwa kiasi, twaweza kutaja kile kipimo ambacho zoezi zima hukitegemea: kanieneo ambayo damu ya ateri hukoma kupita chini ya mkanda, nami naiita “kanieneo ya kuziba”. Hutofautiana kwa mtu na mtu, na kwa upana wa mkanda, hivyo hupimwa kwa kila mgonjwa. Neno “kanieneo” wanafunzi wa fizikia walijua, mgonjwa halijui. Kwake “presha ya mkanda” yatosha, mradi isiandikwe “presha” peke yake.

Kuhusu tiba ambayo zoezi hili ni sehemu yake, “utengamao” linazidi kushika, nami naliona ni bora kuliko “urekebishaji”, ambao una harufu ya gereza. Linaandikwa pia “utengemao”. Wahariri wachague moja.

Sentensi ya kipeperushi kile, basi, ningeiandika hivi: “Mtaalamu atakufunga mkanda wa mbano na kuujaza hewa kwa kiasi, baina ya asilimia 40 na 80 ya kanieneo ya kuziba aliyokupimia, damu iendelee kupita. Ukihisi ganzi au maumivu makali, mwambie aulegeze mara moja. Kama umewahi kupata damu iliyoganda mwilini, mweleze kabla hajaanza.” Ni ndefu mara tatu kuliko ile ya awali, na mchapaji atalalamika.