"Kasoro" na Tendo Lisiloandikwa: Uhakiki wa Istilahi ya Wajaribu Programu

Istilahi hupimwa kwa kazi yake. Istilahi inayomfanya mtaalamu ahukumu kabla hajachunguza ni mbovu, hata kama sarufi yake haina dosari. Makala haya yanakusudia kuhakiki matumizi ya neno "kasoro" miongoni mwa wajaribu programu za simu na kompyuta, hasa pale wanapoikuta programu ikitenda jambo ambalo mwongozo wake haukulitaja.

Mjaribu hupewa programu pamoja na maelezo ya mambo inayopaswa kutenda, naye huyalinganisha. Ikiwa jambo limeandikwa na programu hailitendi, hiyo ni kasoro, wala hapana ubishi. Lakini yako pia mambo ambayo programu huyatenda na hayakuandikwa. Pengine mtunzi aliyaweka kwa ajili ya kazi yake mwenyewe akasahau kuyaondoa. Pengine yalizuka kwa bahati, sehemu mbili za programu zilipokutana. Pengine mwandishi wa mwongozo hakuarifiwa. Mara nyingi yote haya hutiwa katika orodha moja na kuitwa kasoro.

Hapo ndipo neno linapobebeshwa mzigo usio wake. Kasoro ni upungufu. Ndiyo maana husemwa "saa tatu kasorobo", yaani imepungua robo ili saa tatu itimie. Tendo lisilotajwa halikuipunguzia programu kitu. Kilichopungua ni mwongozo. Jina "mdudu", linalotumiwa na wengine, halina nafuu: mkulima akisikia mdudu kaingia katika mikorosho, hufikiria dawa tu. Na "kipengele cha siri" hudai kwamba yuko mwenye siri, hali jambo lililozuka kwa bahati halina mwenyewe.

Na tuchukue mfano wa kubuni, lakini tuuweke mahali halisi: Mbekenyera, kata ya Wilaya ya Ruangwa mkoani Lindi, katika nchi ya korosho na ufuta. Tuseme chama cha msingi kimeletewa programu ya kuandikia uzito wa mazao. Mjaribu anagundua kwamba karani akibonyeza kwa muda mrefu kitufe cha kuhifadhi, uzito uliokwisha kuandikwa hufunguka, naye huweza kuubadili bila alama yoyote kubaki. Mwongozo hausemi lolote. Kwa karani, hiyo ni njia rahisi ya kusahihisha alipokosea. Kwa mkulima aliyekwisha kurudi nyumbani, huo ni mlango ambao kilo zake zinaweza kupitia asijue.

Mjaribu akiandika "kasoro", mtunzi atalifuta tendo hilo, na karani atakosa njia ya kusahihisha. Akiandika "ziada", litapita kama zawadi, na mkulima atabaki bila ulinzi. Maneno yote mawili yamekwisha kuhukumu. Yafaa kwanza maswali matatu yajibiwe: Nani aliliweka? Nani analitegemea? Nani anaweza kudhurika? Majibu ndiyo yatakayoamua kama tendo liandikwe katika mwongozo, liondolewe, au libaki kwa wenye idhini tu, na kila badiliko liache kumbukumbu. Katika mfano wetu, hili la mwisho ndilo la haki.

Historia ya simu katika Afrika Mashariki yatuonya tusiharakishe hukumu. Mwaka 2005 huduma ya M-Pesa ilipojaribiwa nchini Kenya, ilikusudiwa kuwasaidia wakopaji kupokea na kulipa mikopo midogo. Wakopaji wakaitumia kwa mengine: kulipana wao kwa wao, na kuweka fedha kabla ya safari ili wazitoe wafikapo. Walioendesha jaribio hawakuyaita hayo kasoro. Waliyachunguza, na huduma ilipozinduliwa Machi 2007, kutumiana fedha ndiko kulikokuwa kiini chake. Vivyo hivyo kubipu: kupiga simu na kukata kabla haijapokewa ili mwenzako ajue unamtafuta. Watumiaji wenyewe walilibuni jambo hilo na kulipatia kitenzi.

Lakini "isiyoandikwa" nayo yataka uangalifu: haikuandikwa kwa ajili ya nani? Juni 2016, Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania ilipozifungia simu bandia, wananchi waliambiwa wabonyeze *#06# ili waone namba ya utambulisho ya simu. Alama hiyo ilikuwamo katika viwango vya mafundi tangu zamani. Watumiaji wengi ndio hawakuwa na habari nayo. Hilo ni jambo lililoandikwa lakini halikutangazwa.

Kwa hiyo twapendekeza mgawanyo ufuatao:

(a) Kasoro: jambo lililoandikwa ambalo programu hailitendi, au hulitenda vibaya.

(b) Tendo lisiloandikwa: jambo ambalo programu hulitenda na halimo katika maelezo yoyote, liwe jema au baya.

(c) Tendo lisilotangazwa: jambo ambalo mafundi wameliandika, lakini mtumiaji hakuelezwa.

Tumechagua "tendo" badala ya "sifa" kwa sababu sifa huelekea kusifu, na badala ya "kazi" kwa sababu kazi hudhaniwa kuwa imepangwa. Tendo hutendeka tu. Kusudi lake huchunguzwa baadaye.

Huenda ikasemwa kwamba majina haya ni marefu. Ni kweli, na wajaribu watayafupisha watakavyo wakiwa kazini. Lakini katika taarifa ya maandishi, ambayo ndiyo itakayosomwa siku mkulima atakapouliza kilo zake zilikokwenda, urefu wa maneno mawili si gharama kubwa. Wajaribu na watunzi wa programu wanaombwa wayapime mapendekezo haya katika taarifa zao, na wayakosoe pale yatakaposhindwa kazi.