Jiwe la Kusagia na Bahati Yenye Mwenyewe

Mchezo ni kitu kidogo machoni pa watu wengi, na mhakiki ashikaye kalamu kuuandikia huweza kuulizwa kama amekosa kitabu cha kusoma. Walakini mchezo una mtunzi, una kanuni, na humfanyia mtu jambo moyoni mwake. Kitu chenye sifa hizo chastahili kupimwa kwa mizani ile ile ipimayo tamthilia na hadithi. Katika insha hii nataka kupima aina moja ya michezo ya mtandaoni: ile ambayo mchezaji hupewa merikebu ya angani, hafifu na yenye silaha dhaifu, akaambiwa aikuze mpaka iwe ya kuogopwa. Swali langu ni moja. Merikebu hiyo hukuzwa kwa nini, na hicho kinachoikuza ni mali ya nani?

Mambo mawili huikuza. La kwanza wachezaji wa Ulaya na Marekani wamelipa jina lenye maana ya kusaga. Ni kurudia kazi moja bila ya kukoma: kupasua miamba ile ile ya angani, kuwapiga maharamia wale wale, kubeba shehena ile ile, mpaka zipatikane alama za kununulia injini iliyo bora kidogo. La pili ni nasibu. Mchezaji hupewa sanduku lililofungwa, au hutia silaha yake katika karakana. Akifungua huona amepata kitu chema, au kibaya, au kile ambacho tayari anacho.

Maneno hayo mawili, kusaga na bahati, yana uzito wake katika nyanda za juu za Kigoma, na ndipo ninapotaka kuyapimia. Nduta ipo katika wilaya ya Kibondo, katika nchi ya Waha, na mwaka 2015 kambi ya hapo ilifunguliwa tena ili kuwapokea wakimbizi kutoka Burundi, watu ambao Kirundi chao na Kiha cha wenyeji husikilizana bila ya mkalimani. Huko kusaga si fumbo. Mwanamke apigaye magoti mbele ya jiwe la kusagia ulezi ajua kwamba kazi yake ni ya kurudia, na ya kuchosha mabega. Lakini ajua pia kwamba kila punje ipitayo chini ya jiwe ni unga, na unga ni ugali wa jioni. Jiwe halimdanganyi. Haba na haba hujaza kibaba, na kibaba chake jana na leo ni kile kile.

Bahati nayo yajulikana huko. Mfuga nyuki wa Kibondo hutundika mizinga yake katika miti ya miombo, kisha hungoja. Mzinga mmoja huingiwa na kundi, na mwingine, uliochongwa kwa mkono ule ule, hukaa mtupu. Mtu huyu naye hubahatisha. Lakini hakuna aliyekaa nyuma ya mti akihesabu ni mara ngapi avunjike moyo ndipo apewe nyuki. Bahati ya mzinga haina mwenyewe. Hakuna apataye faida kwa mizinga kukaa mitupu.

Tukiishika tofauti hiyo, twaweza sasa kuitazama michezo yenyewe. Mwaka 1958 mwanachuoni Mfaransa Roger Caillois alitoa kitabu kuhusu michezo na wanadamu, akaigawa katika mafungu manne, na mawili kati ya hayo ni shindano na bahati. Katika shindano mtu hujitegemea mwenyewe; katika bahati hujiachilia. Bao letu ni shindano tupu: mashimo 32, kete 64, na hakuna dadu. Ashindwaye katika bao hana wa kumlaumu ila nafsi yake. Kamari, kwa upande wake, ni bahati isiyojificha. Michezo ya merikebu za angani imeyafuma mafungu haya mawili katika kitambaa kimoja, na mshono hauonekani kwa urahisi.

Mfano ulio wazi kuliko yote ni Star Wars Battlefront II, uliotolewa na Electronic Arts mwezi wa Novemba mwaka 2017. Nguvu za askari, za mashujaa na za ndege za angani zilitegemea kadi, na kadi zilitoka katika masanduku ya nasibu. Sanduku liliweza kupatikana kwa kusaga, na ilikusudiwa liweze kupatikana pia kwa fedha taslimu. Wachezaji walipiga kelele, na usiku wa kuamkia siku ya kutolewa mauzo hayo ya fedha yakasimamishwa. Mwezi wa Machi mwaka 2018 kadi za nguvu ziliondolewa kabisa katika masanduku, zikawa za kupatikana kwa kucheza. Kama kazi ya sanaa, mchezo huu ulikuwa na kosa moja kubwa: rubani hodari aliweza kushindwa na rubani mwenye sanduku jema, na hadithi ya ushujaa ikageuka kuwa hadithi ya mfuko wa fedha.

Star Trek Online, mchezo wa mwaka 2010, ni mjanja zaidi. Mfumo wake wa kuboresha silaha, ulioingizwa mwaka 2014, humpa mchezaji vyote viwili kwa pamoja. Akitia vifaa na madini, silaha hupanda daraja kwa hakika. Ubora wake, illa, uliachiwa nasibu. Na madini yale ya dilithium yaliwekewa kiwango cha kusafishwa kila siku, hata asagaye usiku kucha asiweze kukipita. Hapa kibaba chenyewe hukua kila kinapojazwa. Mtu husaga ili apate ruhusa ya kubahatisha, na akikosa hurudi kusaga.

EVE Online, uliotungwa Iceland na kutolewa mwaka 2003, wahitaji hukumu ya taratibu. Huko nako watu hupasua miamba kwa miezi. Lakini merikebu nyingi hujengwa na wachezaji wenyewe kwa madini hayo, na merikebu iliyovunjwa vitani haifufuki. Katika vita vya B-R5RB, mwezi wa Januari mwaka 2014, merikebu 75 za aina iliyo kubwa kuliko zote ziliangamia katika muda usiotimia siku moja. Kazi ya miaka iliteketea, na kwa sababu hiyo kazi ile ikapata maana, kama vile ng'ombe wa mahari wapatavyo maana kwa kuwa huondoka zizini. Mwaka 2018 watunzi waliingiza vitu ambavyo hubadili kifaa cha merikebu kwa nasibu, kikawa bora au kibovu kuliko kilivyokuwa, wala hakuna kurudi nyuma. Hata hivyo mchezaji asiyetaka aweza kumwachia mwingine abahatishe, kisha anunue sokoni kile kilichotoka chema. Nasibu ipo, ila mlango wa kuipita upo pia.

Yamkini msomaji atasema: kama kusaga ni uchovu, kwa nini watu hawauachi? Jibu moja lilitolewa zamani na wanasaikolojia Ferster na Skinner katika kitabu chao cha mwaka 1957. Njiwa apewaye punje baada ya idadi ya midono isiyotabirika hudonoa kwa bidii nyingi, na punje zikikoma hukawia sana kuacha. Jibu hili ni la kweli, lakini halitoshi, maana mtu si njiwa.

Nalitafuta jibu la pili Nduta. Sheria ya wakimbizi ya Tanzania ya mwaka 1998 ilimfunga mkimbizi asitoke kambini pasipo kibali. Mtu wa namna hiyo huweza kuamka, kungoja, kupokea mgawo na kulala, na siku zake zisijengane moja juu ya nyingine. Kijana wa hali hiyo akishika simu na kufungua mchezo wa kukuza merikebu, aona jambo ambalo maisha yamemnyima: kazi ya jana imehifadhiwa, na ya leo huongezwa juu yake. Sithubutu kuliita hilo upuuzi. Ni mfano wa kazi kwa mtu aliyenyimwa kazi, na mfano huo waweza kumhifadhia heshima yake.

Ndiyo maana nasibu iliyopachikwa juu ya kusaga ni kosa la sanaa na la adabu pamoja. Kusaga kulimwahidi mtu kwamba jasho lina hesabu. Sanduku humfundisha kwamba halina. Faraja humpa kwa mkono wa kuume, na mkono wa kushoto huitwaa. Tena anayeitwaa ni mwenye mchezo, ambaye amepanga kiasi cha kukosa na huuza dawa ya kukosa. Serikali kadha zimeuona mshono huo: Uchina mwaka 2017 iliwataka wenye michezo watangaze uwezekano wa kupata kila kitu sandukuni, na Ubelgiji mwaka 2018 ilitamka kwamba masanduku ya kulipiwa katika michezo kadha ni kamari isiyo halali. Kutangaza hesabu ni jambo jema, walakini bahati yenye mwenyewe haiachi kuwa na mwenyewe kwa sababu ametangaza hesabu yake.

Basi wanafunzi wa fasihi, ambao kesho watakuwa watunzi wa hadithi na huenda wa michezo, nawasihi wasidharau kurudia. Ngano zetu hurudia kiitikio, na kila kinaporudi msikilizaji amesogea karibu na mwisho. Nawasihi pia wasiifukuze bahati, maana hadithi isiyo na ajali ni orodha tu. Nalitaka jambo moja kwao: arudiaye apate unga wa kile alichosaga, na abahatishaye asiwe shamba la mtu mwingine. Mchezo utakaotungwa hivyo, hata ukiwa na merikebu zilizo mbali na nyota zetu, mfuga nyuki wa Kibondo ataweza kuucheza bila ya kuona aibu kwa saa alizozitumia.