Istilahi za Mchoro wa Hifadhidata ya Maktaba

Mwaka 1976 Peter Chen alichapisha makala iliyoeleza namna ya kuchora hifadhidata kabla ya kuiunda. Mambo yatakayotunziwa kumbukumbu huwekwa katika mistatili, mafungamano yake katika maumbo ya almasi, na sifa zake katika duaradufu. Mfano upendwao na walimu ni maktaba. Katika kuufasiri mchoro huu kwa Kiswahili, maneno matatu yanahitaji kuangaliwa upya.

La kwanza ni *kitu*, kwa kilichomo ndani ya mstatili. Neno hili ni jepesi, lakini msomaji wa maktaba naye humo mstatilini, na Kiswahili hakikubali mtu aitwe kitu. *Huluki*, lenye shina moja na kitenzi *huluku*, yaani umba, huwachukua wote wawili. Twaliunga mkono.

La pili ni *uhusiano*. Miaka sita kabla ya Chen, E. F. Codd alikuwa ametumia neno linalokaribiana sana na lake, ila kwa maana ya kihisabati: seti ya mistari ya taarifa. Mfasiri asiye mwangalifu ataandika *uhusiano* kwa yote mawili, na mwanafunzi atasoma kwamba uhusiano umeunganishwa na uhusiano kwa uhusiano. Kwa maoni yetu, *uhusiano* ubaki kwa Chen, na dhana ya Codd iitwe *jedwali*. Mwanahisabati atalalamika, maana seti haina mpangilio wala marudio. Lakini upungufu huo ni mdogo kuliko mkanganyo wa kwanza.

La tatu, nalo ndilo zito, ni *kitabu*. Mwalimu Nyerere alitoa tafsiri ya tamthilia ya Shakespeare mwaka 1963 kwa jina la *Julius Caezar*, akaisahihisha na kuitoa tena mwaka 1969 kwa jina la *Juliasi Kaizari*. Je, hivyo ni vitabu vingapi? Mwongozo uliotolewa na IFLA mwaka 1998 ulitenga ngazi nne, kuanzia kazi ya mtunzi hadi nakala iliyo rafuni. Mchoraji anayeandika *kitabu* katika mstatili mmoja huzichanganya zote. Nakala moja ikiazimwa, kumbukumbu zitaonyesha kuwa kitabu hakipo, na msomaji atarudishwa mikono mitupu ilhali nakala nyingine zimo rafuni.

Basi *kuazima* kuunganishwe na *nakala*. Tarehe ya kuchukua na ya kurudisha ni sifa za kuazima kwenyewe, si za msomaji wala za nakala. Tena, kwa kuwa kitenzi hiki husemwa kwa atoaye na kwa apokeaye, mchoro sharti utaje mtenda: *msomaji anaazima nakala*.

Twapendekeza, basi, *huluki*, *uhusiano*, *jedwali* na *nakala*, kila neno likiwa na kazi yake moja. Istilahi isiyotenganisha dhana humpotosha mchoraji kabla hajashika kalamu.